Kulinganisha mishono ya kano za kukunja vidole kwa miguu ya mbuzi: mwongozo kamili

Kano ya kukunja kidole inapokatika ndani ya ala yake (mfuko mwembamba unaoizunguka), pale kano mbili zinapopita kwenye njia moja nyembamba, mshonaji anatakiwa kutimiza mambo mawili yanayopingana. Mshono uwe imara kiasi cha kumruhusu mgonjwa kuanza kukunja kidole mapema, na uwe mwembamba kiasi cha kupita chini ya pete za ala bila kukwaruza. Daktari wa upasuaji wa mkono Sterling Bunnell aliliita eneo hilo ardhi isiyo na mwenyewe, na kwa miaka mingi madaktari walishauriwa wasishone humo kabisa. Leo watu wanashona, na swali limebaki moja: washone vipi?

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa upasuaji, wa binadamu au wa mifugo, anayetaka kulinganisha mishono miwili kwa kano za mnyama aliyekwisha kuchinjwa. Tumechagua mbuzi kwa sababu miguu yake inapatikana karibu kila machinjio ya Afrika Mashariki, na kwa sababu kila mguu una vidole viwili vinavyofanana. Baadaye utaona faida ya jambo hilo. Kondoo anafaa vilevile. Maabara nyingi duniani hutumia nguruwe, hivyo kama unampata bila shida, hatua ni zilezile.

Kwanza, amua unalinganisha nini

Kosa kubwa katika kazi hizi hutokea mezani, kabla sindano haijagusa kano. Mtu anasema analinganisha "Kessler na krusieti", yaani mitindo miwili ya kushona kano. Ukichunguza unakuta Kessler imeshonwa kwa uzi wa 4-0 na krusieti kwa 3-0, mmoja umeshika milimita 7 kutoka kwenye mkato na mwingine 10, na mmoja umefungwa fundo la tabaka tatu na mwingine tano. Akipata tofauti ya nyutoni 20, hawezi kusema imetoka wapi. Uzi wa 3-0 una kipenyo cha milimita 0.20 hadi 0.249, na wa 4-0 ni 0.15 hadi 0.199. Tofauti inaonekana ndogo, lakini eneo la mkato wa uzi linazidi kwa zaidi ya nusu. Uzi mnene peke yake unaweza kukupa "ushindi" usiohusiana na mtindo.

Kwa hiyo andika haya kwenye karatasi na uyabandike ukutani, yasibadilike mpaka kazi iishe:

- Uzi wa ndani: poliesta iliyosukwa na kupakwa, 4-0, sindano ya duara. Aina moja, na ikiwezekana boksi moja.
- Urefu wa kushika: milimita 10 kutoka kwenye mkato, kila upande.
- Kila kufuli (kitanzi cha uzi kinachobana kifungu cha nyuzi za kano): milimita 2 za nyuzi za kano.
- Fundo: la mraba, tabaka tano, mikia ya milimita 3.
- Mshono wa mzingo (mshono mwembamba unaozunguka ukingo wa mkato): polipropilini 6-0, wa kuendelea, sawa kwa makundi yote.
- Mshonaji mmoja, miwani ya kukuza ileile.

Kinachobadilika ni ramani ya mshono tu. Kundi A ni Kessler iliyorekebishwa kwa njia ya Pennington, yenye nyuzi mbili zinazovuka mkato. Kundi B ni krusieti ya kufuli, nyuzi nne. Ipo pia mishono ya nyuzi sita, kama ule wa Savage uliotangazwa mwaka 1985. Ni imara kweli, lakini kwa anayeanza ni mrefu na unaichosha kano kwa kuchomwachomwa. Uache kwa awamu nyingine.

Miguu mingapi?

Tuseme tofauti ndogo zaidi yenye maana kwako ni nyutoni 10, na mkengeuko sanifu unaoutarajia ni nyutoni 8. Kwa makundi mawili, kiwango cha umuhimu wa kitakwimu cha 0.05 na uwezo wa 80% wa kuiona tofauti, unahitaji kano 12 kwa kila kundi. Ongeza tatu za kufidia zitakazoteleza kwenye kibano: 15. Makundi yakiwa matatu na ukilinganisha kila jozi, hesabu inapanda hadi kama 16 kabla ya fidia.

Na hapa ndipo vidole viwili vya mbuzi vinapokusaidia. Mguu mmoja wa mbele unakupa kano mbili za mnyama yuleyule, wa umri uleule, zilizokaa kwenye barafu kwa muda uleule. Kimoja kinapata A na kingine B, na kura ndiyo inayoamua kama A iende kidole cha ndani au cha nje. Miguu 15, mbuzi 15. Usichukue miguu yote minne ya mbuzi mmoja ukaihesabu kama wanyama wanne. Huyo ni mnyama mmoja aliyepimwa mara nane, na takwimu zako zitajidai uhakika zisizo nao.

Kununua miguu

Nenda machinjio mapema na umwambie mchinjaji jambo moja kabla ya bei: miguu isibabuliwe. Miguu ya supu hupitishwa motoni ili manyoya yatoke, na joto hilo linatosha kuikunjamanisha kolajeni ya kano. Kano iliyobabuliwa inakuwa fupi, ngumu, yenye rangi ya nta, na uzi hauikati kama unavyoikata kano mbichi. Ukiona ngozi ina weusi wa masizi au harufu ya kuungua, uache mguu huo hata ukipewa bure.

Chukua miguu ya mbele, iliyokatwa kwenye goti, ya wanyama wakubwa wa ukubwa unaokaribiana. Nyama iwe imekaguliwa na kupigwa mhuri. Vaa glavu wakati wote, kwani bruselosi, ugonjwa unaoambukizwa kutoka kwa mifugo, haijali kama wewe ni mtafiti au mpishi. Funga kila mguu kwa shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya 0.9%, utie kwenye mfuko usiopitisha hewa, andika namba, kisha weka kwenye friza ya nyuzi joto -20. Siku moja kabla ya kazi, uhamishie kwenye jokofu la nyuzi 4 uyeyuke polepole. Mguu ugande na kuyeyuka mara moja tu. Umeme ukikatika nyumbani au maabara na mzigo ukayeyuka, tumia yote siku hiyo au yatupe.

Kuitoa kano

Laza mguu upande wa nyuma ukutazame. Pasua ngozi katikati kuanzia nusu ya mfupa mrefu hadi kwenye visigino vya kwato. Chini ya ngozi unakutana na kano ya juujuu. Karibu na kiungo kilicho juu ya vidole inagawanyika mara mbili, na kila tawi linaizunguka kano ya ndani kama mkono wa shati. Kano ya ndani ndiyo unayoitaka: inapita ndani ya mkono huo, inatokeza, na kushika kwenye mfupa wa mwisho ndani ya kwato.

Usiing'oe kutoka kwenye mfupa huo. Ukiuacha mfupa na kwato, utakuwa na mahali pa kushikia pasipoteleza, na nusu ya matatizo ya kibano inakwisha hapo. Upande wa juu, shina la kano mbili limeungana, hivyo litenganishe kwa kisu kufuata mwelekeo wa nyuzi hadi upate urefu wa kutosha kushikwa.

Pima upana na unene kwa kalipa mahali utakapokata. Tumia kano zenye upana wa milimita 4 hadi 6. Iliyo nje ya hapo iache, na kanuni hiyo iandikwe kabla ya kuanza. Kata katikati ya mfupa wa kwanza wa kidole. Epuka sehemu inayopinda juu ya kiungo, kwani kano pale imekuwa ngumu mithili ya gegedu kwa sababu ya kubanwa na mfupa. Sindano inaingia kwa shida, na kufuli linashika vizuri kuliko haki. Kata kwa pigo moja la kisu kipya, kano ikiwa imelazwa juu ya ubao wa mbao. Mkato wa kusagasaga unaacha ncha zilizochanika, na mwanya utaonekana hata kabla ya kuvuta.

Muda wote nyunyiza maji ya chumvi. Kano ikikauka kwa dakika chache chini ya taa, utaihisi kwenye vidole: inanata, kisha inakuwa kama kamba ya ngozi.

Kundi A: Kessler ya Pennington

1. Ingiza sindano kwenye uso wa mkato wa ncha ya juu, robo ya upana kutoka ukingo wa kushoto. Tembea sambamba na nyuzi za kano kwa milimita 10, kisha tokeza juu.
2. Rudi milimita 2 kuelekea kwenye mkato, ingia kwa ubavu wa kushoto, vuka kano yote hadi ubavu wa kulia. Uzi huu wa kuvuka lazima upite juu ya ule wa urefu.
3. Tokea kulia, panda hadi alama ya milimita 10 upande wa kulia, ingia, rudi na utokee kwenye uso wa mkato.
4. Fanya hivyohivyo kwenye ncha ya chini, kisha funga fundo ndani ya mkato.

Hatua ya pili ndiyo roho ya mshono huu. Uzi wa kuvuka ukipita juu ya uzi wa urefu, kitanzi kinafunga kifungu cha nyuzi za kano, na kadiri unavyovuta ndivyo kinavyobana. Ukipita chini yake, kitanzi kinafunguka unapovuta, na umeshona mshono dhaifu zaidi wenye jina lilelile. Kwa macho, mishono hiyo miwili iliyokamilika inafanana kabisa. Njia ya kujihakikishia ni kuvuta uzi taratibu kabla ya kwenda upande wa pili: kufuli la kweli linafanya kifundo kidogo cha nyama ya kano kwenye kona, na hakisogei. Kama kona inateleza kuelekea mkatoni, fungua na urudie.

Kundi B: krusieti ya kufuli

Chora pembe nne kwa kalamu ya upasuaji: juu-kushoto, juu-kulia, chini-kushoto, chini-kulia, kila moja milimita 10 kutoka kwenye mkato.

1. Ingia kwenye uso wa mkato wa ncha ya juu upande wa kushoto, tokea pembe ya juu-kushoto. Chukua pigo dogo la kukingama la milimita 2 hapohapo ili uzi ujifunge wenyewe. Hilo ni kufuli la kwanza.
2. Kutoka hapo ingia tena na uvuke mkato kwa mshazari hadi chini-kulia. Kufuli la pili.
3. Rudi moja kwa moja juu-kulia. Kufuli la tatu.
4. Vuka kwa mshazari hadi chini-kushoto. Kufuli la nne.
5. Rudi kwenye uso wa mkato upande wa kushoto, ukutane na mkia wa mwanzo, funga fundo ndani.

Hesabu: mishazari miwili na minyoofu miwili, jumla nyuzi nne, fundo moja. Ugumu wake uko kwenye ulegevu. Uzi uliosukwa hautelezi kirahisi ndani ya kano, kwa hiyo ukisubiri hadi mwisho ndipo uvute, nyuzi mbili zitabeba mzigo wote na mbili zitakaa bure, na utakuwa umepima mshono wa nyuzi mbili ukidhani ni nne. Kaza kila uzi mara baada ya kila kufuli. Jihadhari pia usiuchome uzi uliotangulia kwa sindano, kwani uzi uliochomwa unakatikia hapohapo.

Kwa makundi yote mawili, kaza hadi ncha zigusane na zibanane kidogo tu, ukilenga kuifupisha sehemu iliyoshonwa kwa takriban sehemu moja ya kumi. Mbano huo mdogo unachelewesha mwanya. Ukizidisha, kano inavimba kama kitunguu, na mshono kama huo hautapita chini ya pete yoyote.

Mshono wa mzingo unafuata: milimita 2 kutoka kwenye mkato, mapigo yaliyoachana kwa milimita 2, ukianza na ukuta wa nyuma. Usiudharau kwa kuwa uzi wake ni mwembamba. Ndio unaochukua mzigo wa kwanza na kuchelewesha kufunguka. Ndiyo maana usiulinganishe mshono wenye mzingo na usio nao.

Kabla ya kano ya kwanza ya kuhesabiwa, fanya mazoezi kumi kwa kila mtindo na uyatupe. Kisha panga zamu kwa kura, usishone A zote asubuhi na B zote jioni mkono ukiwa umechoka. Andika dakika ulizotumia kwa kila mshono, kwani mshono imara unaochukua muda mara mbili ni habari ambayo msomaji wako ataitaka.

Kuvuta

Fungia mfupa wa kwato kwa pini ya chuma iliyopita kwenye tundu. Upande wa juu, funga kano kwenye kibano chenye meno, katikati kukiwa na msasa uliokunjwa, uso wa mchanga ukiigusa kano. Acha milimita 40 kati ya vishikio. Weka mvuto wa awali wa nyutoni 2 ili kulegea kuondoke, hapo ndipo sifuri yako. Vuta kwa milimita 20 kwa dakika, mashine ikirekodi angalau mara 50 kwa sekunde. Weka kamera mbele yake pamoja na rula ndani ya picha, na saa ya kamera iendane na ya mashine.

Rekodi namba tatu. Ya kwanza ni nguvu wakati mwanya unafika milimita 2. Ya pili ni nguvu ya juu kabisa. Ya tatu ni namna ulivyoshindwa: uzi umekatika, fundo limefunguka, uzi umeichana kano na kutoka, au kano imeteleza kwenye kibano. Iliyoteleza inaondolewa, na idadi yake inatajwa.

Namba ya kwanza ndiyo muhimu zaidi, ingawa wengi huikimbilia ya pili. Tuseme mchoro wako unapanda vizuri, kwenye nyutoni 24 unazama kidogo kama shimo barabarani, kisha unaendelea kupanda hadi 41 ndipo uzi unakatika. Ukitazama video ya sekunde ileile ya shimo, unaona ncha zimeachana kwa milimita 2: mshono wa mzingo umeachia na kufuli moja limesogea. Jedwali la nguvu ya juu litasema 41. Kwa mgonjwa, mshono huo ulishindwa kwenye 24. Utafiti wa Gelberman na wenzake kwa mbwa, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba kano zenye mwanya unaozidi milimita 3 hazikuongeza nguvu kadiri muda ulivyopita, wakati zile zenye mwanya mdogo ziliongeza.

Ili kupata kipimo cha kuzilinganishia namba zako, kumbuka vipimo vya Schuind na wenzake vya mwaka 1992, vilivyochukuliwa kwenye mikono ya watu wakati wa upasuaji: kukunjiwa kidole na mtu mwingine hakukuzidi nyutoni 9, kukunja mwenyewe bila kushika kitu kulifika 35, na kubana kitu kwa ncha za vidole kulifika 120. Kessler ya nyuzi mbili za 4-0 kwa kawaida inaangukia 20 hadi 30. Unaona mwenyewe pengo liko wapi.

Huna mashine? Ndoo inatosha kwa kulinganisha. Funga mfupa juu, ning'iniza ndoo chini ya kibano, ikiwa sentimita 5 tu kutoka sakafuni. Pima uzito wa ndoo na kibano kwanza. Ongeza nusu lita ya maji kila baada ya sekunde 30. Kila nusu lita ni nyutoni 4.9. Piga picha mwisho wa kila hatua. Namba zako hazitalingana na za mashine, kwa kuwa mzigo uliosimama unaipa kano muda wa kujinyoosha, lakini tofauti kati ya A na B itakuwa halali.

Kusoma matokeo

Kwa kila mguu toa A kwenye B. Unabaki na tofauti 15 au pungufu. Toa wastani wake na mpaka wa uhakika wa 95%, na uziweke tofauti zenyewe kwenye mchoro, nukta kwa nukta. Anayepima mwanya kwenye picha asijue ni kundi gani. Funika sehemu ya mshono kwa ukanda mwembamba wa karatasi wenye madirisha ya alama mbili tu ulizozichora pande za mkato.

Angalia namna za kushindwa kabla hujafurahia wastani. Kama A zote zimeichana kano na B zote zimekatikia fundoni, B imefika kikomo cha uzi wake, na kubadilisha uzi kutaipandisha zaidi. Kama mafundo yamefunguka, tatizo ni mafundo yako, si mtindo.

Mnyama aliye hai

Kano ya machinjio inakueleza siku ya kwanza tu. Haikuelezi jinsi ncha zinavyolainika siku zinazofuata na mshono kupoteza nguvu, wala jinsi kano inavyonata kwenye ala. Kwa hayo watu hutumia kuku, sungura au mbwa. Kidole kirefu cha kuku kina kano mbili ndani ya ala kwa mpangilio unaokaribia wetu, na ni mnyama wa bei nafuu, ila atasimama juu ya mguu huo saa hiyohiyo akizinduka. Bila kuufunga mguu ukiwa umekunjwa, mshono utakatika siku ya kwanza. Usianze kabla ya kupata kibali cha kamati ya maadili ya wanyama, mpango wa dawa za maumivu, na jibu la kuridhisha kwa kanuni za Russell na Burch za mwaka 1959: je, kano ya machinjio haiwezi kujibu swali hili? Je, idadi inaweza kupunguzwa? Je, mateso yanaweza kupunguzwa?

Ukifika huko, amua mapema jinsi ya kuhesabu kano iliyokatika ndani ya mnyama kabla ya siku ya kupimwa. Wengi huiondoa kwenye jedwali kwa kuwa haina nguvu ya kupima, na kwa kufanya hivyo mtindo uliokatika mara tano unabaki na zile imara tu na kuonekana bora. Kano hiyo ina matokeo: iandike kuwa imekatika, siku iliyogunduliwa, na ihesabiwe upande wa kundi lake.